Kubaki na toleo la zamani la InDesign baada ya kusasisha

Ndugu, umeuliza kama unaweza kusakinisha toleo jipya la InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa za vitabu na majarida, bila kulipoteza la zamani, kwa kuwa kitabu cha mteja wako bado kiko katikati ya upangaji. Inawezekana, kwani kila toleo kuu hukaa katika folda yake. Kabla ya kuanza kusasisha, fungua chaguo za ziada na uondoe tiki kwenye kisanduku cha kufuta matoleo yaliyotangulia. Kisanduku hicho ndicho huwaponza wengi, maana toleo la zamani likishafutwa huenda usilipate tena: kwa kawaida Adobe huruhusu kupakua matoleo makuu mawili tu ya karibuni.

Ugumu zaidi uko kwenye faili zenyewe. Ukibofya faili mara mbili, huenda ikafunguka katika toleo jipya, na juu ya dirisha utaona imeandikwa kuwa imegeuzwa. Ukishaihifadhi hivyo, toleo la zamani halitaifungua moja kwa moja. Kwa hiyo anzisha kwanza programu ya zamani, kisha uifungue faili kutoka humo. Ikiwa umeshateleza, hamisha kazi kutoka toleo jipya kwa muundo wa IDML, yaani aina ya faili ambayo matoleo ya zamani ya InDesign huweza kuifungua, halafu ukague kila ukurasa, maana mistari huweza kukatika pasipotarajiwa.

Toleo la zamani halitaendelea kupata marekebisho ya usalama kwa muda mrefu, hivyo usilitumie kufungua faili za watu usiowajua. Kama kompyuta ni ya ofisi, mwulize kwanza fundi anayeisimamia.