Kabla hujasaini mkataba wa kamera kuingia nyumbani

Dada, nimekuelewa: kampuni inataka kurekodi maisha yenu miezi miwili kwa ajili ya kipindi cha televisheni, binti yako wa miaka tisa ndiye kivutio, na baba yake ameshapiga hesabu ya hela.

Nimefanya kazi ya sauti kwenye vipindi vya namna hii. Kuna kipaza sauti kidogo kinachobanwa kwenye kola asubuhi. Mtoto hukisahau. Anaenda nacho chooni, anamnong'oneza mdogo wake siri za shule, na sisi tunasikia kila neno. Akilia, mtu atamwambia, "Hebu rudia, kamera haikuwa tayari." Hilo ndilo lililonichosha.

Mkataba mpelekee wakili, usisaini pale sebuleni. Dai haki ya kutazama picha na kuzikataa kabla hazijarushwa, na vyumba visivyoingiwa na kamera. Mwaka 2007 kule Marekani, kipindi cha televisheni kiitwacho Kid Nation kilipeleka watoto 40 jimbo la New Mexico bila wazazi. Mmoja aliungua usoni kwa mafuta ya kupikia, na wazazi walikuwa wameshasaini kutoishtaki kampuni.

Pesa ziingie akaunti ya mtoto, hilo baba yake alisikie mapema.

Sheria ya Mtoto ya 2009 hapa Tanzania inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kwa hiyo muulize mkiwa wawili tu, bila ahadi ya zawadi. Akikataa, yaishie hapo. Akikubali, halafu mkishaanza akaanza kukojoa kitandani au kugoma kwenda shule, simamisha kazi umwone ofisa ustawi wa jamii.