Mama mkwe anakuja, treni zangu nizipeleke wapi?

*Shikamoo Bibi. Mimi ni muuguzi, nina miaka 41, naishi Hamburg na mume wangu, sote asili yetu Tanga. Nakusanya treni za LEGO, zile za kuchezea zinazojengwa kwa vitofali vya plastiki. Nilianza mwaka aliofariki baba, ambaye alikuwa fundi wa reli. Sasa zimefika kumi na nne na zimejaa chumba kidogo: nyingine dirishani, nyingine juu ya kabati, nyingine sakafuni. Mwezi wa sita mama mkwe anakuja kutoka Muheza kukaa nasi miezi mitatu, na chumba hicho ndicho atakacholala. Mume wangu anataka nizivunjevunje zote, nizitie maboksini, zikakae stoo iliyo chini ya jengo, maana eti mama akiona mtu mzima na midoli atatucheka. Mpwa wake wa miaka minne naye huja kila Jumapili, akiondoka naokota vipande hadi chini ya kochi. Na bei za treni zenyewe, Bibi, mume wangu hajui zote. Nifanyeje?*
*Binti wa Fundi*

Marahaba mwanangu.

Hili la umri tulimalize kwanza. Mimi hapa nina kabati la vyombo sebuleni. Kuna sahani za maua, birika na vikombe kumi na viwili ambavyo tangu niolewe havijawahi kunywewa chai. Kila Ijumaa navitoa, navifuta, navirudisha. Hakuna mgeni aliyewahi kuniambia nacheza kibaba-baba. Mama mkwe wako ni mwanamke wa Muheza, na nakuapia naye analo kabati kama hilo. Kwa hiyo kitu cha mapambo anakielewa vizuri kuliko mwanawe. Asichokielewa, na mimi pia sikielewi, ni kitu cha mapambo kukaa sakafuni njiani. Sahani zangu zingekuwa chini ya kitanda, hata mimi ningeziita takataka.

Basi kazi yako ni kuzitafutia treni zako kabati. Chumba mpe mama, chote, bila kinyongo. Huyo ni mgeni na ni mzazi.

Chukua futi kamba uende sebuleni. Reli moja iliyonyooka ina sentimita 12.8, ukiunga kumi unapata mita moja na sentimita 28. Ile Orient Express ya mwaka 2023, kama unayo, yenyewe inapita mita moja, ndiyo maana makabati mengi ya vioo yanayouzwa huko hayaifai: ni marefu kwenda juu lakini membamba, na utalazimika kuikata treni vipande viwili. Treni haitaki kina, inataka urefu. Hata zile pana zina upana wa vitufe vinane tu, vile vinundu vya juu ya tofali, yaani sentimita 6.4. Ubao wa sentimita 12 kwenda ndani unatosha. Weka mbao mbili za mita mbili na nusu, moja juu ya nyingine, juu kuliko kichwa cha mlango, na hapo utapanga treni sita, pengine saba za urefu wa kawaida. Mtoto wa miaka minne hafiki. Zikalishe juu ya reli zake na mwisho wa ubao bandika tofali la kuzuia, kwa sababu magurudumu yale ni mepesi na ubao ukilala kidogo tu, kichwa cha treni kitakuja chini. Kama mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, tumia rafu ndefu ya kusimama, lakini ifunge isianguke, na safu za chini weka vitabu.

Zile za dirishani ziondoe leo, kabla hujamaliza kusoma. Jua hugeuza plastiki rangi, hasa nyeupe na ile ya kijivu ya zamani, zikawa njano kama meno ya mvuta tumbaku. Watu huziloweka kwenye haidrojeni peroksaidi na zikang'aa, ila baada ya muda unjano hurudi. Dawa ni kivuli.

Sasa zile saba au nane zitakazobaki. Hapo mumeo ana haki nusu: ziende maboksini, lakini si kwa kuvunjwavunjwa. Mabehewa yameshikana kwa sumaku, yaachanishe tu. Kila behewa lenye mfuko wake, kila treni yenye sanduku lake la plastiki lenye mfuniko, na jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Kichwa kibebe kwa kukishika chini, usikinyanyue kwa paa. Kabla ya kufunika, toa betri zote. Betri iliyosahaulika huvuja na kula vyuma vya ndani, na hapo utakuwa unasugua kwa siki na pamba huku ukijilaumu. Maboksi yake ya karatasi yakunjue yawe bapa, yalale chini ya godoro lenu.

Stoo ya chini ya jengo sikushauri. Ni unyevu, karatasi huota ukungu, na kama una reli za volti 9, zile zilizotoka mwaka 1991 zenye bati juu, bati hilo likichakaa umeme haupiti sawasawa. Kama hakuna pengine pa kuweka, inua masanduku yasiguse sakafu na utie ndani vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya. Na kama umenunua kwenye soko la mitumba zile za volti 12 za miaka ya themanini, transfoma yake usiichomeke ukutani kabla fundi umeme hajaitazama.

Vumbi piga kwa brashi laini ya poda. Zikichafuka kweli, maji yasizidi nyuzi 40, na vyenye mota au waya visiingie majini kabisa.

Haya, tumemaliza mbao. Turudi kwa mumeo.

Bei mwambie. Umenunua kwa pesa za zamu zako za usiku, hakuna aliyeibiwa, lakini siri ya pesa ndani ya nyumba hukua kuliko pesa yenyewe. Mwambie mwenyewe kabla hajakutana na risiti. Atanuna siku mbili, kisha atakula.

Lakini kabla ya bei, mwambie lile ulilolipitisha mbio. Kwangu mimi umemweleza mama mkwe, mpwa, stoo na kochi, halafu baba yako ukampa maneno machache na kukimbia. Ulianza mwaka aliofariki. Mumeo anajua hivyo? Au anajua tu kwamba siku moja mkewe alirudi kutoka kazini na boksi, kisha lingine, kisha lingine? Nadhani hajui. Angejua, neno "midoli" lisingemtoka kirahisi namna hiyo. Usimwambie mkigombana. Mwambie siku mnapotoboa ukuta, yeye ameshika ubao, wewe skrubu.

Na mama mkwe usimfiche kitu. Mtu wa Muheza alikulia kando ya reli. Treni ya kwenda Korogwe, Mombo na Moshi ilipita hapo kwao, na wauza machungwa walikimbilia madirishani na vikapu vyao. Pengine yeye mwenyewe ameuza. Zile reli zilizopinda, kumi na sita zinafunga duara la sentimita 70 hivi, linaenea juu ya meza ya chakula. Jumapili mpwa akija, mkalishe mtoto kwenye mapaja ya bibi yake, uwashe treni moja, ile ngumu isiyovunjika ovyo. Halafu kaa kimya umsikilize mama.

Vichwa vingi vya siku hizi hula betri sita ndogo za AAA. Nunua pakiti mbili kabisa, maana huko kwenu Jumapili maduka yamefungwa.