Kuaga nyumbani kwa safari ya miezi minane: anza na wazazi, marafiki mwishoni

Mkuu, umeuliza utawaambiaje ndugu na marafiki kwamba unaacha kazi hapa Dar, unapita Tunduma, Zambia, Botswana na Namibia hadi Cape Town, miezi minane, husomi wala hutafuti kazi. Ugumu uko hapo mwishoni. Mtu wa Mbagala akisikia kijana anakwenda Bondeni (Afrika Kusini) kwa basi, anajua jambo moja tu: anazamia, yaani anakwenda kuishi huko bila vibali. Kwa hiyo usianze na uzuri wa Maporomoko ya Victoria. Watakuwa na maswali manne, hata wasipoyatamka: unarudi lini, pesa ni ya nani, majukumu yako anabaki nayo nani, na ukiumwa huko utapatikanaje.

Wazazi kwanza, ana kwa ana, miezi mitatu kabla. Kama mzee wako ni mkali, mpitie shangazi au mjomba anayesikilizwa, akupimie upepo wiki moja kabla ya kikao. Sema kwa tarehe: "Baba, natoka mwezi wa sita, narudi mwezi wa pili." Ukisema "nitaangalia huko mbele", umeshaitwa mzamiaji. Mama akikwambia usitangaze mpaka umeondoka, mtii. Akitaka dua au sala ya familia, mwachie jioni moja kabla ya safari.

Kwenye pesa ndipo wengi wanaharibu. Sema inatosha, usitaje kiasi. Ukitaja milioni sita, wiki haiishi kabla hujaombwa ada ya mtoto wa binamu. Kama unamtumia mama 100,000 kila mwezi, tenga 800,000 leo, akaunti ya pembeni, na uiagize benki imhamishie yenyewe kila tarehe 5. Usimkabidhi mdogo wako zote kwa mkupuo. Mwezi wa tatu utaambiwa kulikuwa na msiba. Umeshapokea zamu yako kwa kijumbe, yule anayekusanya pesa za mchezo wa kupokezana? Maliza michezo iliyobaki au lipa yote kabla hujaaga, maana ukiondoka na deni la mchezo, anayegongewa mlango ni mama yako. Vivyo hivyo kama umemdhamini mtu mkopo. Harusi zinazokuja, ahidi kiasi kidogo, lipa kabisa, kisha iage kamati.

Kodi ya nyumba, kwa kuwa wenye nyumba wengi wanachukua ya miezi sita, panga kuondoka pale kodi inapoisha. Kumwingiza rafiki bila mwenye nyumba kujua ni kujitafutia ugomvi ukiwa mbali.

Kazini, waambie baada ya wazazi, kabla ya marafiki. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatoa taarifa ya siku 28. Ukikataa kuzifanyia kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata thamani yake kwenye stahiki zako.

Mwachie ndugu mmoja mtulivu (mtulivu, si lazima mkubwa) bahasha yenye nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti, namba yako ya NIDA, orodha ya miji kwa mwezi, na namba za balozi zetu za Lusaka na Pretoria. Kadi ya homa ya manjano safiri nayo. Chanjo ipate siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka. Nchi zote nne ulizotaja Mtanzania haombi viza kwa matembezi, ila hesabu siku kwa muhuri uliogongewa mpakani, si kwa ulichosikia kijiweni.

Mawasiliano, ahidi kidogo. "Nitapiga kila siku" ni ahadi mbaya: siku moja tu ya nyikani Namibia bila mtandao, ukoo mzima unalia. Sema Jumapili, saa mbili usiku ya Dar, ambayo huko ni saa moja. Ongeza sharti: hofu isianze mpaka zipite Jumapili mbili, na hapo mwenye bahasha ndiye anayepiga ubalozini, wengine wasubiri.

Marafiki waambie wiki ya mwisho, tarehe ya kuondoka tu. Atakayeagiza umletee simu, mwambie atume pesa kwanza.