Triga ya gobore: anzia ndani ya mtambo kabla ya kwenda dukani

Kila msimu wa gumegume, yaani gobore linalowashwa kwa jiwe, ukikaribia hapa Pennsylvania, Marekani, ndugu zetu wanaoanza uwindaji huu huuliza swali lile lile: triga ya bunduki yangu ni nzito, ninunue ipi? Mimi huwajibu wasinunue kitu bado. Fungua kwanza mtambo, yaani kile kifaa cha kufyatulia kilicho ubavuni mwa bunduki, uangalie. Mara nyingi triga yenyewe haina kosa. Uzito unatoka kwenye mbao, kwenye springi, au mahali ilipopigwa pini, na ukifunga triga mpya juu ya tatizo hilo, nayo italirithi.

Msimu huu wa bunduki za gumegume ulianzishwa mwaka 1974 na kwa kawaida hufunguliwa tarehe 26 Desemba, baada ya Krismasi. Anayetoka kwenye raifo za kisasa hushangaa jinsi triga inavyompa shida. Sababu ipo. Ukivuta, nyundo inashuka na jiwe lake, jiwe linakwangua bamba la chuma, cheche zinaangukia baruti ya kwenye kisahani, moto unapita kwenye kitundu cha ubavuni, ndipo baruti ya ndani ya mtutu inashika. Muda huo ni mfupi, lakini risasi bado iko ndani ya mtutu wakati kidole chako kimeshamaliza kazi. Triga inayokwaruza kisha ikaachia ghafla inakufanya uitingishe bunduki wakati huo huo. Kwa hiyo tunachotafuta ni triga safi, inayoachia pale pale kila mara, bila kusuasua. Wepesi unakuja baadaye. Kwa uwindaji, ratili 3 hadi 4, yaani kama kilo moja na nusu hivi, zinatosha kabisa.

Ninaongea na mtu anayemiliki bunduki yake kihalali. Huku Marekani sheria za silaha hizi hutofautiana jimbo kwa jimbo. Kwa wenzetu walioko Tanzania na Kenya, gobore ni silaha kama silaha nyingine: linahitaji kibali, na ukarabati wake ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Kabla hujagusa skrubu, hakikisha haina risasi. Usitegemee kumbukumbu yako. Tumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka mwisho, weka alama ya kalamu usawa wa mdomo wa mtutu, kisha uchomoe uulaze kwa nje kandokando ya mtutu. Ncha yake ikifika usawa wa kitundu cha moto, mtutu ni mtupu. Ikiishia mbali mbele ya hapo, kuna kitu ndani. Ondoa jiwe na ubane kipande cha mbao laini mahali pake, maana utaachia nyundo mara nyingi. Kwenye bunduki ya fataki, isiyotumia jiwe, weka ngozi nene juu ya chuchu, pale fataki inapovikwa.

Sasa utoe mtambo. Weka nyundo kwenye nusu-koki, yaani ivutwe nyuma nusu tu ambapo triga haiwezi kuiachia, legeza skrubu za upande wa pili, utoe bamba la mtambo taratibu bila kulikongoa kwa bisibisi. Ndani utaona kipande kinachozunguka pamoja na nyundo, mafundi hukiita tambla. Kina mapengo mawili: lile refu la nusu-koki na lile fupi la koki kamili. Pua ya mkono mdogo uitwao sia ndiyo inayoingia kwenye mapengo hayo. Mkono wa sia umechomoza kwenda ndani ya mbao, na triga kazi yake ni kuusukuma juu tu. Ukiuelewa mkono huo, umeelewa nusu ya shughuli.

Jaribu mtambo ukiwa nje ya mbao. Koki, shika nyundo imara kwa kidole gumba, halafu sukuma mkono wa sia kwa kidole cha mkono mwingine. Ukiachia kwa ulaini ukiwa nje lakini bunduki ni nzito ukiurudisha, mtambo hauna hatia. Ni kipimo cha dakika moja, na kinaweza kukuokoa gharama ya triga nzima.

Anzia kwenye mbao basi. Paka mkono wa sia masizi ya mshumaa, rudisha mtambo, kaza skrubu, koki na uachie mara chache, kisha utoe tena na umulike ndani ya shimo. Pakiwa na alama nyeusi, hapo mkono unasugua. Chonga pale tu palipoguswa, kidogo kidogo. Kuna pia skrubu iliyokazwa kupita kiasi: inauvuta mtambo ndani na kuubana mkono wa sia. Ilegeze robo mzunguko uone kama triga inabadilika. Na mbao zikinywa unyevu huvimba, kwa hiyo bunduki iliyokuwa nzuri mwezi Septemba inaweza kuwa nzito Januari baada ya siku nzima kwenye theluji. Mbao za ndani ya shimo la mtambo zinahitaji mafuta ya kuzikinga kama zile za nje.

Mbao zikiwa safi, angalia pini ya triga. Wengi huruka hapa na ndipo penye utajiri wote. Triga ni wenzo. Kidole chako kinavuta chini ya pini, na ulimi wa triga, ulio nyuma ya pini, unapanda na kusukuma mkono wa sia. Tuseme sia inahitaji kusukumwa kwa ratili 12, na kidole chako kipo milimita 24 chini ya pini. Kama mkono wa sia upo milimita 12 nyuma ya pini, kidole kitavuta ratili 6. Isogeze pini mpaka umbali huo uwe milimita 8, kidole kitavuta ratili 4. Springi ni zile zile, mtambo ni ule ule, hujagusa pengo lolote. Mafundi wengi wa zamani walipiga pini ya triga juu, ndani ya mbao zenyewe, na karibu na sia kwa sababu hiyo. Gharama yake ni kwamba triga itasafiri mbali kidogo zaidi kabla ya kuachia, kwa hiyo usiisogeze kupita kiasi.

Urefu wa ulimi nao una neno. Ukiwa mfupi, triga inacheza na kulia kama njuga. Ukiwa mrefu, unausukuma mkono wa sia hata kabla hujagusa triga, na pua haiketi vizuri kwenye pengo. Hiyo ni hatari. Bunduki ikiwa imekokiwa, lazima ubaki mwanya mdogo, hata wa unene wa karatasi, kati ya ulimi na mkono wa sia. Ukihitaji kupunguza, piga tupa ulimi wa triga, kamwe usipige mkono wa sia, na upime kila baada ya mapigo machache.

Sasa pua na mapengo. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Unaruhusiwa kung'arisha, huruhusiwi kubadilisha pembe. Chuma cha tambla na sia mara nyingi kimekazwa kwa moto juu juu tu. Ukipitiliza ganda hilo unafika kwenye chuma laini, pengo litaliwa upesi, na siku moja nyundo itashuka bila kuambiwa. Paka pua wino wa kalamu, koki na uachie, utazame wino umefutika wapi. Ukifutika kwa upana wote, pua inaketi sawasawa. Ukifutika kwenye kona moja, kuna kupinda, na hiyo si kazi ya mwanafunzi. Jiwe laini la kunolea na tone la mafuta, mikwaruzo michache kufuata pembe iliyopo, halafu acha. Kukata pengo upya au kukaza chuma mpelekee fundi wa mitambo ya kizamani. Pengo la nusu-koki usiliguse kabisa: hilo ndilo linalokulinda ukiwa unatembea msituni.

Ukishapita yote hayo na bado huridhiki, ndipo ufikirie triga pacha. Ziko kwenye bunduki nyingi za mtindo wa Hawken, ule wa ndugu Jacob na Samuel Hawken wa St. Louis, na zilijulikana Ulaya ya kati muda mrefu kabla. Unavuta triga ya nyuma mpaka ilie "tik", kisha ile ya mbele inaachia kwa kuguswa tu. Skrubu ndogo iliyo kati yake hurekebisha wepesi. Ukinunua, chagua aina inayoweza pia kufyatua kwa triga ya mbele peke yake bila kutegwa. Zipo zinazokulazimisha utege kwanza ndipo nyundo ikubali kukokiwa, na paa akitokea ghafla utajuta.

Lakini kagua jambo moja kabla ya kulipa. Triga pacha haisukumi sia, inaipiga na kurudi papo hapo. Pua ya sia inaweza kurudi kwenye tambla kabla pengo la nusu-koki halijapita, ikanasa humo au ikavunja ukingo wake. Ndiyo maana tambla lazima liwe na kile kijipande kiitwacho flai, kinachofunika pengo hilo nyundo ikishuka. Ni kidogo kiasi cha kupotea kwenye sakafu, kwa hiyo tandika kitambaa cheupe kabla ya kuchomoa tambla, na springi kubwa uibane kwa kibanio chake maalumu, siyo koleo. Mtambo usio na flai usifungiwe triga pacha. Na kama ipo, iwe inacheza huru: mafuta yaliyoganda kwa baridi huikamata.

Kwa uwindaji wa Januari, mimi bado napendelea triga moja iliyotengenezwa vizuri. Glavu nene na triga iliyotegwa haviendi pamoja. Kidole hakihisi kilipo. Aliye na triga pacha asitege mpaka shabaha iwe kwenye mnyama. Mnyama akiondoka, elekeza mtutu pasipo na hatari, fungua lile bamba linalokwanguliwa na jiwe na umwage baruti ya kisahani kwanza. Halafu shika nyundo barabara kwa gumba, vuta triga ya mbele, ishushe polepole mpaka ipite nusu-koki, uachie triga, na uirudishe nyundo nyuma mpaka nusu-koki ilie.

Baada ya kazi yoyote, jaribu bunduki ikiwa tupu, ile mbao ikiwa bado mdomoni mwa nyundo. Kwenye nusu-koki, vuta triga kwa nguvu: isishuke. Kwenye koki kamili, sukuma nyundo mbele kwa gumba, kisha gonga kitako juu ya mkeka wa mpira mara kadhaa: isishuke. Rudia na triga pacha ikiwa haijategwa. Pima uzito kwa mizani ya springi, hata ile ya wavuvi, ukiinasa katikati ya mkunjo wa triga, na uvute polepole. Ukipata 3, halafu 5, halafu 3, kuna kitu bado kinasugua. Rudi kwenye masizi. Vipimo vikilingana, nenda uwanjani kwa shabaha, na ukirudi nyumbani osha masizi ya baruti kwa maji ya moto, kausha, tia mafuta mepesi, na urudie majaribio yale yale kabla ya kuibeba msituni.