Maswali na Majibu: Mgodi Uliofungwa Hukaguliwaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji wilayani Nzega. Hivi karibuni nilitazama picha za mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa huko Marekani. Kilima chote kilikuwa kimefunikwa na nyasi, na maelezo yakasema kwamba ardhi imerejeshwa. Je, mkaguzi hutumia vigezo gani kuridhika kwamba ardhi imerejea kweli, na je, vigezo hivyo vinatufaa sisi tunaoishi jirani na machimbo ya dhahabu? — Msomaji, Nzega.

JIBU: Ndugu msomaji, nyasi pekee hazimridhishi mkaguzi makini, kwa sababu mbegu zinazoota haraka zikimwagwa pamoja na mbolea nyingi, hata kifusi kitupu hugeuka kijani kwa msimu mmoja wa mvua. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayosimamia machimbo ya makaa ya mawe ilitia mkazo kwenye muda. Mwenye mgodi huweka dhamana ya fedha kabla ya kuchimba, na dhamana hiyo hairudishwi yote hadi uoto uwe umedumu kwa miaka isiyopungua 5, au 10 katika maeneo makavu yanayopata mvua ya takriban milimita 660 kwa mwaka au pungufu. Hesabu huanzia mwaka wa mwisho wa kupanda, kutia mbolea au kumwagilia kwa nyongeza, hivyo anayerudi kusaidia mimea yake kwa mbolea kwa kawaida huanza kuhesabu upya. Wala uoto haukadiriwi kwa macho: sampuli huchukuliwa na kulinganishwa na kiwango kilichowekwa, mara nyingi kipande cha jirani ambacho hakikuchimbwa, na unatakiwa kufikia angalau asilimia 90 ya kiwango hicho.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, penye ushahidi mzito zaidi ni kwenye maji. Mawe yanayofukuliwa pamoja na makaa mara nyingi huwa na pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miongo mingi baada ya mgodi kufungwa. Kwa hiyo mkaguzi huteremka hadi chini kabisa ya lundo la kifusi, mahali ambapo maji hutokeza yakichuruzika, na kutazama mawe ya mferejini: yakiwa na utando wa tope la rangi ya machungwa unaobanduka kwa kidole, hapo chuma kinatoka ndani ya lundo, hata kama juu yake kuna malisho mazuri. Kisha hupima pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambapo 7 ni katikati na namba ndogo ni asidi zaidi, ambayo kwa maji yanayotoka kwenye migodi ya makaa ya Marekani hutakiwa kuwa kati ya 6 na 9. Tatizo hili halizuiwi kwa kupanda nyasi, bali kwa kuyafukia mawe hayo mahali pasipofikiwa na hewa wala maji, au kuyachanganya na chokaa.

Maji huamua pia kama lundo litakaa mahali pake. Katika kijiji cha Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la mabaki ya makaa lililorundikwa juu ya chemchemi liliporomoka likafunika shule na nyumba, na watu 144 walikufa, 116 kati yao wakiwa watoto. Ndiyo sababu mkaguzi huuliza mapema palikuwa na nini kabla ya kifusi kumwagwa, na hapo wazee wa kijiji huwa na majibu ambayo ramani haina. Katika makaa huongezeka pia hatari ya moto, kwani mabaki yake yanaweza kujiwasha yenyewe. Moshi, harufu ya salfa au ardhi yenye joto huandikwa mara moja.

Kwenu Nzega hakuna makaa, lakini miamba yenye dhahabu nayo mara nyingi huwa na madini ya salfa, hivyo sehemu kubwa ya ukaguzi huu inawahusu. Mgodi wa Golden Pride ulizalisha dhahabu wilayani kwenu kwa takriban miaka 15 tangu 1999, kwa hiyo suala la kufunga mgodi si geni huko. Nawashauri muombe, kupitia serikali ya kijiji na halmashauri, kuelezwa yaliyomo katika mpango wa ufungaji wa machimbo yanayowahusu, kwani bila huo hamtajua mkaguzi analinganisha na nini. Ombeni pia ukaguzi ufanyike kati ya Januari na Machi: makorongo na maji machafu huonekana mvua ikinyesha, ilhali Septemba kila mfereji ni mkavu. Nchini Marekani, mwananchi ambaye taarifa yake imesababisha ukaguzi ana haki ya kufuatana na mkaguzi eneoni. Nanyi ombeni mjumbe wenu awepo.

SWALI: Tulipanda miti kwenye shimo la moramu lililofukiwa na kusawazishwa vizuri kwa buldoza, ili tupate kuni za kukaushia tumbaku. Miaka inapita na miti imedumaa. Kosa ni la mbegu? — Msomaji, Urambo.

JIBU: Yaelekea kosa si la mbegu bali ni la huko kusawazisha vizuri. Buldoza likipita mara nyingi, udongo hushindiliwa hadi mizizi na maji vikashindwa kupenya. Wataalamu wa misitu katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, ambako machimbo mengi ya makaa yalilainishwa hivyo hivyo, sasa hushauri kuachwa tabaka la udongo usioshindiliwa lenye kina cha mita 1.2 hivi, hata kama uso wake utabaki na mabonde na vichuguu. Chimbeni kwa jembe au sururu kando ya mti mmoja: mkikuta mizizi imepinda na kutambaa kando, tafuteni trekta lenye jino refu lipasue ardhi kabla ya mvua za Novemba, kisha mpande upya.