Walinianika, nami nikamwanika asiyehusika

Oktoba 2024 nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Tuko kikaoni kwa mjomba, Mbagala, daftari la michango liko mapajani mwangu, mara simu ya mwenyekiti ikalia. Akasoma, akanitazama, akailaza kifudifudi mezani. Ikafuata ya shangazi. Ikafuata ya mpambaji. Haikupita robo saa, karibu kila aliyekuwepo alikuwa na ujumbe uleule wa WhatsApp: jina langu kamili, picha yangu nimeshika kitambulisho cha NIDA, na maneno kwamba mimi ni tapeli, nimekopa nikatoroka, na wao ndio wadhamini wangu.

Deni lenyewe lilikuwa shilingi 100,000. Mkononi niliingiziwa 68,000, zilizobaki wakaziita ada ya huduma, na baada ya siku 7 nirudishe laki nzima. Nilikuwa nimechelewa siku mbili. Hebu jaribu kuwaeleza hayo watu ambao michango yao unayo wewe.

Namba zao walizipata wapi? Kwangu. Siku nilipoipakua ile programu ya mikopo kwenye simu, iliniomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu, kisha meseji, kisha picha. Nikabonyeza "Ruhusu" mara tatu, chap chap, bila kusoma. Lakini namba ya shangazi ni ya shangazi, si yangu, na yeye hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, zisigeuziwe kazi nyingine. Kwa hiyo hata shangazi, ambaye hajawahi kukopa hata sukari kwa jirani, angeweza kupeleka malalamiko yake mwenyewe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ningeishia hapo, ningekuwa na kesi safi. Hasira ikanizidi. Namba iliyokuwa ikinitukana ilikuwa na picha ya binti amevaa sare nyeupe. Usiku ule nikaipiga picha ya skrini, nikaandika juu yake kwamba huyu ndiye anayechafua watu majina, nikaitupa kwenye kikundi cha harusi na kwenye stetasi yangu. Nililala usingizi mzuri sana.

Asubuhi akapiga mzee mmoja, sauti ya taratibu. "Mwanangu, huyo uliyemweka ni binti yangu. Ni muuguzi huku Dodoma. Hajawahi kumkopesha mtu." Wale jamaa walikuwa wamejivika picha yake tu, na mimi nikawasaidia kuisambaza. Niliifuta, lakini ilikwisha kuingia vikundi viwili nisivyokuwemo.

Mzee alinisamehe. Angeamua kunifungulia madai ya kashfa, "nilidhani ndiye" ni utetezi dhaifu. Na picha ya mtu bila ridhaa yake si jambo dogo. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa. Wakati huohuo kampuni moja ya mikopo ya simu ikatozwa 2,975,000 kwa kuwatumia watu vitisho kupitia namba ilizozipata kwa wengine. Yaani kosa nililotendewa na kosa nililotenda vyote vilikuwemo kwenye tangazo moja.

Kwa hiyo likikukuta, tulia, kusanya ushahidi. Kabla hujaifungia ile namba, piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa. Waombe ndugu wasifute chochote. Mjomba wangu alifuta zote kwa hasira, na zake ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Tunza meseji ya muamala, maana ndiyo inayoonyesha uliingiziwa kiasi gani hasa. Nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyoripoti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua, na kudaiwa hakukuondolei ulinzi huo. Deni lakini lipo palepale. Mimi nilililipa, ila kwa njia iliyomo ndani ya programu, si kwa namba binafsi ya mtu aliyekuwa akinitukana.

Kufuta programu hakusaidii sana, orodha yako walikwisha kuinakili. Novemba mwaka uleule Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Nikaipitia orodha kwa kidole, yangu imo, na wiki ile ile mpambaji akapata ujumbe mwingine. Na kama picha ya NIDA yako iko mikononi mwa watu wa namna hii, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Mimi nilikuta moja nisiyoijua, nikaenda kuifuta kwa wakala.

Harusi ilifanyika Desemba. Kamati iliniachia daftari. Fedha zilihamia kwa shangazi.