Kengele ya nyuklia inapigwa na nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Kwenye kundi letu la WhatsApp imesambaa klipu inayodai akili mnemba ndiyo imeshika kitufe cha mabomu ya nyuklia ya Marekani. Mwalimu mmoja katuambia tusihofu, maadamu mwenye kubonyeza ni binadamu. Tumwamini nani? (Msomaji, Masasi, Mtwara)

JIBU: Marahaba. Klipu ni uzushi, ifute. Novemba 2024, mjini Lima, Peru, Joe Biden, aliyekuwa rais wa Marekani, na Xi Jinping, rais wa China, walikubaliana kwamba uamuzi wa kutumia silaha hizo ubaki kwa binadamu.

Linalonichosha ni hilo la mwalimu. Korosho zikipimwa kwa mizani mbovu pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, saini ya karani haimrudishii mkulima hata kilo moja. Rais naye husaini alicholetewa. Kombora la masafa marefu husafiri kama dakika 30. Ukitoa muda wa kuligundua na kulithibitisha, anabakiwa na dakika chache. Akili mnemba ikichuja picha za satelaiti zinazotafuta makombora, imeshamwamulia nusu ya jambo.

Nayo haijawahi kuona shambulio halisi la makombora ya nyuklia, imefundishwa kwa maigizo ya kompyuta. Tuseme inakosea mara 1 katika ukaguzi milioni 1, na inakagua kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, basi kila siku 11 au 12 italia bure. Wale matapeli wa mitandaoni wanaojisifia “usahihi wa asilimia 99.9” wapigie hesabu hiyohiyo: kengele kila dakika 17!

Septemba 26, 1983, mwanga wa jua uliogonga mawingu uliidanganya satelaiti ya Kisovieti, mtambo ukatangaza makombora matano ya Marekani. Stanislav Petrov, afisa wa Kisovieti aliyekuwa zamu, akaripoti hitilafu: matano ni machache mno kwa kuanzisha vita, na rada za ardhini hazikuona kitu. Rada ilifaa kwa sababu inaona kwa njia nyingine kabisa. Programu mbili zinazosoma picha ileile ya satelaiti si mashahidi wawili, zitakosea pamoja.

Na hili lipo hadi shambani. Simu ikikwambia mkorosho una ugonjwa wa ubwiri unga, usikimbilie dawa ya salfa. Kagua mwenyewe maua na majani machanga kama yana unga mweupe, kisha mwite bwana shamba, na jibu la simu usimwoneshe mpaka ametoa lake.